Duka Letu Lilipopotea



Ni mimi niliyewaletea wenzangu yule kijana, kwa hiyo ni mimi ninayepaswa kuandika haya.

Kikundi chetu hapa Bule kinashona mifuko ya kitenge. Tulitaka watu wa Bunia na wa mbali zaidi waione bila kungoja siku ya soko. Kijana wa ukoo wetu akasema atatutengenezea duka kwenye intaneti kwa dola 120. Tulizitoa kwenye sanduku la akiba. Duka likafunguka, mifuko ikauzwa, tukafurahi.

Mwaka ulipoisha, likazimika. Jina la duka lilikuwa limeandikishwa kwake, neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake, na simu yake haikuita tena. Picha, bei, orodha ya wateja, vyote vikaenda. Mkutanoni mama mmoja akaniuliza kwa upole: “Ndugu yako alisema programu ni ya bure. Sasa tulilipa nini?” Nilitazama chini.

Mtoto wa dada yangu, anayesomea kompyuta Bunia, ndiye aliyenieleza. Duka lile lilijengwa kwa PrestaShop, programu iliyoanzia Ufaransa. Ni programu huria: maandishi yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila kulipa. Ni kama fundi anayewaachia wote karatasi yake ya kukatia gauni. Tena imeundwa kwa vipande, vinavyoitwa moduli. Kola unaweza kuishona baadaye bila kufumua gauni zima. Vivyo hivyo unaongeza kipande cha malipo au cha usafirishaji. Vingine ni vya bure, vingine vinauzwa.

Lakini kitambaa na uzi hununuliwa. Duka hukaa kwenye kompyuta ya kukodi inayowaka usiku na mchana, na jina lake hulipiwa kila mwaka. Hayo hatukuuliza.

Tumeanza upya, polepole. Tumechukua vipande vichache: picha, bei kwa dola na kwa franka, na maagizo. Malipo ya kadi tumeyaacha, maana wateja wetu hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Barabara ikikosa usalama tunafunga maagizo, tusichukue feza ya mtu kwa mfuko usioweza kufika.

Mama yule akauliza tena: “Kwa nini tusibaki na WhatsApp tu?” Safari hii nilikuwa na jibu. Sisi wa Bule tumekimbia mara ngapi? Tuliacha mashini za kushonea, simu zikapotea na kila kilichokuwa ndani. Duka la programu huria halifungwi kwa mwenye nyumba mmoja. Ukiwa na nakala yake, unalihamishia pengine na linafunguka tena.

Kikundi chenu kikitaka duka, ulizeni kwanza: jina litaandikishwa kwa nani? Neno la siri atakuwa nalo nani? Mwaka ukiisha, nani atalipa?

Sisi tumeandikisha jina la kikundi. Nakala moja iko Bunia, nyingine hapa. Neno la siri na tarehe ya kulipa viko kwenye daftari, ndani ya sanduku letu la kufuli tatu. Funguo wanazo mama watatu. Mimi si mmoja wao, nimeomba mwenyewe.