Kutoka Katuba Mpaka Mjini kwa Miguu

Mnatuona siku ya posho, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, tukitoka Katuba kundi zima, na wengine mnauliza matanga yako wapi. Hakuna matanga. Tunatembea tu mpaka katikati ya mji, kisha tunarudi: walimu, wauzaji wa soko, washonaji, wote wenye migongo iliyochoka.

Lubumbashi inafaa kwa kutembea. Haina milima ya kukata pumzi. Kilima kinachojulikana na kila mtu ni kile cheusi cha mabaki ya shaba, kando ya shimini ndefu ya kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Tunapita Kenya wakati wauzaji wanapanga nyanya, na wanaume wa makala wanasukuma kinga zao zilizobeba magunia kuliko urefu wa mtu. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inauma masikio na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tunajifunga kitenge mabegani. Lakini ngojeni mwezi wa 9 na wa 10, jakaranda zinapochanua mjini! Barabara inakuwa ya rangi ya zambarau, na hata mwenye haraka anapunguza mwendo.

Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe, ndipo palipokuwa pagumu. Vijana wanaofanya mazoezi walitupigia kelele: «Mama, tumbo hilo linakwenda wapi?» Mwenzetu mmoja alitaka kugeuka nyumbani. Tulimweka katikati yetu, tukaendelea. Siku hizi vijana wale wale wanatusalimia. Katika kundi letu hakuna kupimana kiuno wala kuulizana kilo. Mwenye suruali avae suruali, mwenye kitenge abaki na kitenge.

Tunapumzika mbele ya kanisa kuu la Petro na Paulo, tunakunywa maji. Hapo ndipo mama mmoja alitufungulia moyo: alikuwa anameza vidonge vya kunenepesha alivyonunua sokoni, ili apate makalio. Uso ulimvimba, usingizi haukumwisha. Tulimsindikiza kituo cha afya, na sukari ya damu yake ilikuwa juu. Wamama, tusifichane. Vingi vya vidonge hivyo ni deksametasoni, dawa kali ambayo ikimezwa bila daktari inapandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Vingine ni dawa za mzio, zinazoleta njaa pamoja na usingizi. Na aliyemeza deksametasoni muda mrefu asiache ghafla peke yake, maana mwili unaweza kuanguka. Aende kwanza kwa muganga wa kituo cha afya, ampunguzie polepole.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembee kwa nguvu kiasi dakika 150 kwa juma. Safari yetu peke yake inakula sehemu kubwa. Zinazobaki tunazipata tukishuka taksi mapema kidogo.

Tukirudi tuna njaa ya kweli. Bukari, matembele yenye karanga, samaki mkavu kidogo. Chai tunaiacha mpaka saa moja ipite, kwa sababu inazuia mwili kupokea chuma cha majani, na mama mwenye upungufu wa damu atachoka hata akilala mchana kutwa.

Mnauliza pia nani anabaki na kazi za nyumba. Siku ya posho watoto wa kiume ndio wanaochota maji na kufagia. Baba mmoja alinung'unika juma mbili, kisha akajifunza kuwasha mbabula mwenyewe.

Mtakaokuja, leteni maji na viatu mlivyovizoea. Vipya vitawachubua kabla ya kufika Kenya.