Nyamagana Ilivyosikika Mtaa wa Sikukuu

Fainali ya Ligi ya Taifa ya mwaka 1974, Simba na Yanga, ilichezwa Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Jumamosi ya Agosti 10. Sisi tulikuwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja kwa treni, na hakuna hata mmoja wa nyumba yetu aliyesafiri. Lakini ukikutana leo na yeyote aliyekaa barazani kwetu siku ile, atakusimulia bao la Gibson Sembuli kwa mikono na miguu, utadhani alikuwa amesimama nyuma ya goli.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mzaa baba. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo, mbele baraza ndefu ya saruji. Chumba cha kwanza kulia alikaa fundi cherehani, naye mchana alikuwa akitoa cherehani yake nje. Chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, alipanga kijana wa Kiluguru aliyeuza ndizi sokoni. Huyo alikuwa mpole, hana neno na mtu, na ukimuuliza Simba au Yanga alijibu kwamba yeye kaja mjini kutafuta kodi ya chumba.

Wengine wote tulikuwa na upande. Bibi alikuwa Simba kwa sababu marehemu babu alikuwa mwanachama tangu ikiitwa Sunderland. Jina lilibadilishwa mwaka 1971, lakini Bibi hakulitambua badiliko hilo. Miaka mitatu baadaye alikuwa bado anasema Sunderland, kwa matamshi yake mwenyewe, na vijana wakimsahihisha aliwaambia wakabadilishe majina ya mama zao kwanza. Baba, mtoto wake wa kwanza, alikuwa Yanga damudamu. Klabu ya Simba iko Msimbazi, ya Yanga iko Jangwani. Mtu akitoka moja kwenda nyingine kwa miguu hachoki. Sisi tulikuwa katikati.

Deni la mwaka ule lilikuwa zito. Yanga ilikuwa imeuchukua ubingwa mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972, halafu 1973 Simba ikaupokonya. Kwa Baba, mwaka mmoja bila ubingwa ulikuwa msiba. Tena alikuwa na kidonda kingine cha zamani: mwaka 1969 Yanga ilitoka sare ya 1-1 mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana katika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa kwa kura. Kura! Alikuwa akilitamka neno hilo kama anayetema mbegu ya limau. Akaapa kwamba afadhali kufungwa kwa mpira, watu wakimbizane mpaka mmoja aanguke.

Asubuhi ya siku hiyo taarifa ya habari ilitangaza kwamba Rais Nixon wa Marekani ameng'oka madarakani. Fundi cherehani alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na Yanga wanaanza na nani?"

Televisheni Bara hatukuwa nayo. Zanzibar walikuwa wameshaanza yao, tena ya rangi, ila sisi tulibaki na Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ya Bibi ilikuwa National, imevishwa gamba la ngozi lenye matundu upande wa spika, na ilikuwa na desturi zake. Betri hazikutupwa zikichoka. Zilianikwa juani juu ya bati la jiko, zikageuzwageuzwa kama dagaa, na jioni zilirudi na nguvu kidogo. Siku ile Bibi hakutaka kubahatisha. Aliniita, akanipa shilingi kutoka kwenye pindo la kanga yake: "Mume wangu, nenda kaninunulie mpya. Sunderland haisikilizwi kwa betri za kuanika."

Mchana ulipopinda, redio ikawekwa juu ya kigoda, mkonga umevutwa wote, umeelekezwa upande wa stesheni kwa sababu fundi aliamini sauti ya Mwanza inakuja na reli. Watoto tulikaa chini, wanaume barazani, wanawake mlangoni. Muuza kahawa aliacha kuzunguka, akatua birika lake kwetu.

Dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba.

Bibi alipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wakaitikia. Akajifunga kanga kiunoni, akamnunulia kila mtoto kashata, wa Simba na wa Yanga bila kubagua, maana mwenye furaha hahesabu. Baba alikuwa na mswaki mdomoni. Aliutafuna taratibu, akasema, "Mpira dakika tisini, Mama."

Ikafika mapumziko, moja bila. Kipindi cha pili kikaanza, dakika zikayeyuka, bado moja bila. Baba akanyanyuka, akavuka barabara, akaenda kusimama kwenye bomba la maji la jirani akitupa mgongo. Kuanzia hapo hakusikia maneno ya mtangazaji, alisikia mlio tu. Nilikuwa namtazama yeye kuliko redio. Alikuwa ameushika mswaki mkononi, akiuchana nyuzi moja moja na kuzidondosha miguuni. Watu wa Simba walishaanza kunyanyuka kupanga sherehe, na mmoja alikuwa tayari anauliza ngoma iko kwa nani.

Dakika ya 87. Sauti ya mtangazaji ilipanda ghafla, jina la Sembuli likasikika, halafu hakuna aliyesikia zaidi. Kelele zilitoka nyumba ya mbele, zikatoka ya nyuma, zikaja za mbali kutoka Jangwani zikiwa nzito kama za mvua ya masika. Baba aligeuka akiwa na uzi wa mwisho wa mswaki kidoleni. Akarudi akikimbia, mtu mzima na watoto wake wanne, kiatu kimoja kimebaki bombani.

Zilipotimia tisini, moja kwa moja, Bibi akamwangalia.

"Wewe si ulisema mpira dakika tisini?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi zimekwisha. Zima redio yangu."

Haikuzimwa. Dakika ya 97, katika muda wa nyongeza, Sunday Manara akafunga la pili. Huyo ndiye waliyemwita Kompyuta, baadaye akaenda kucheza soka Uholanzi. Zilibaki dakika 23, na Bibi alizisikiliza zote akiwa amekaa wima, hakutikisika, mpaka filimbi. Kisha akazima redio mwenyewe, akaifunika kitambaa chake kilichodariziwa.

Jioni jeneza liliingia mtaani. Yanga walikuwa wametengeneza machela ya mianzi na kuifunika majani ya mgomba, ambayo yule Mluguru aliyauza kwa bei ambayo sijui kama ndizi zenyewe zilifika. Wakapita wakiimba na kulia kilio cha uongo, Baba naye kabeba upande wa miguu. Walipofika mbele ya nyumba yetu wakasimama makusudi. Bibi alitoka barazani, kavaa kanga ya heshima.

"Poleni wanangu. Maiti wenu nani?"

"Sunderland, Bibi!"

"Sunderland alikufa 1971," akasema. "Mmechelewa mazishi. Wa siku hizi anaitwa Simba, na yuko hai."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo. Waombolezaji walicheka mpaka jeneza likawaponyoka.

Siku hizi mechi tunaziona, tena tunarudishiwa bao moja mara kumi. Juni 25, 2025, ligi ilipofika siku ya mwisho Yanga ikiwa mbele ya Simba kwa pointi moja tu, nilikaa mbele ya kioo kikubwa nikaona Pacome Zouzoua akifunga, nikaona Clement Mzize akifunga, mbili bila, ubingwa ukaenda Jangwani. Nilifurahi sana. Ila nikijaribu kuyakumbuka mabao yale, nakumbuka picha ya televisheni. La Sembuli hatukuliona, kwa hiyo kila mtu alijitengenezea lake. La fundi lilitoka mbali, mkwaju wa chinichini. La Baba lilichana wavu. Walibishana miaka mingi wote wawili wakiapa, na sikuona haja ya kuwaamulia. Watu wa Simba ukiwatajia Nyamagana hujibu kwa namba moja, sita, za Julai 19, 1977. Na hizo nazo kila mzee anazo zake.

Miezi iliyofuata fainali ile ya 1974 ilikuwa ya ukame, chakula kikawa adimu, na mahindi ya njano ya kutoka Marekani yakaingia madukani. Watu waliuita unga ule Yanga, kwa rangi yake. Baba aliona amepata jambo. Lakini Bibi aliusonga, akamega tonge kubwa, akatangaza kwamba leo anaitafuna Yanga bila refa. Januari 1975 timu zilikutana tena Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Yanga ikashinda mbili bila, wafungaji walewale, Sembuli na Manara. Kwa juma zima tulikula wali.

Wakati huo soko jipya la Kariakoo alilolichora Beda Amuli, lenye paa la zege la miavuli, lilikuwa linamaliziwa. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Ubingwa wa mwaka huo haukwenda Msimbazi wala Jangwani. Uliondoka Dar es Salaam kabisa, ukapanda kwenda Morogoro kwa Mseto. Kwetu ilikuwa kimya, Bibi na Baba kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Ndipo mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa, Mluguru akatoka na mkungu mzima wa ndizi begani, akapita ukumbini polepole mlango hadi mlango, akimpa kila mpangaji ndizi mbili na kumwambia, kwa upole wake uleule, pole na msiba.