Majabali ya Mwanza Baada ya Mvua

Mgeni aingiaye Mwanza kwa meli hulakiwa na mawe kabla ya watu. Jiwe la Bismarck limesimama majini, na juu ya mji vilima vya Igogo na Mabatini vimebeba majabali makubwa, na katikati yake nyumba za wananchi.

Wakati wa kiangazi jabali ni jirani mwema: hutoa kivuli na mahali pa kuanikia nguo. Mvua ziingiapo, udongo unaolishikilia hulowa, ukawa mzito na laini. Mahali mteremko ulipochimbwa kupata kiwanja, hatari huzidi.

Basi, ndugu msomaji, mvua ikatikapo usiharakishe kurudi kulala. Maji huendelea kupenya chini kwa chini hata jua likiwaka. Tazama upande wa juu wa jabali: je, ardhi imepasuka? Mti umeinama? Maji ya tope yachuruzika chini yake? Ukiona dalili moja, ondoa watoto kwanza, kisha mwarifu mwenyekiti wa mtaa.

Desemba 2023, mkoani Manyara, Mlima Hanang uliporomosha tope na mawe hadi mjini Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Vyombo vya ndani hununuliwa tena.