Kabla Hujauliza Kama Wanaomba



Mama mmoja wa kanisa ameniuliza swali ambalo najua liko kwenye nyumba nyingi. Mwanawe amekunywa chang'aa miaka tisa. Jamaa wamechanga, na kuna vituo viwili vya kurekebisha tabia. Kimoja ni cha Wakristo, maombi asubuhi na jioni. Kingine kiko chini ya hospitali, na huko hakuna anayemtaja Yesu. "Pasta, nikimpeleka huko kwa pili, si nitakuwa nimekosa imani?"

Mama, kabla hujauliza kama wanaomba, uliza usiku kuna muuguzi gani. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatizwa pombe ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Hayo si mapepo. Ni mwili unadai ulichozoea, na dawa za kumvusha ziko. Nimeona watu wakikemea usiku kucha juu ya kijana aliyehitaji kitanda cha hospitali.

Soma 2 Wafalme 20. Mungu alikuwa ameshamwahidi Hezekia kwamba atapona, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Kwani Isaya hakuwa na imani?

Kwa heroini ni vivyo hivyo. Nairobi na Pwani kuna kliniki za serikali zinazotoa methadoni, mtu anainywa mbele ya mhudumu kila siku. Mhubiri anayemwambia aiache kwa imani anamrudisha kwenye unga.

Sidharau vituo vyetu, hata kidogo. David Wilkerson aliyewaendea vijana wa magenge New York mwaka 1958 alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na kazi ya Teen Challenge ilitokana na hapo. Hospitali itamtoa kijana akiwa safi, lakini nyumbani mama pima bado ni jirani. Hapo ndipo anahitaji ndugu wa kumpigia simu saa nne usiku. Kituo cha Kikristo chenye leseni ya NACADA na muuguzi, mpeleke kwa furaha. Lakini kinachofunga watu minyororo, kinachochapa viboko eti kutoa pepo, au kinachomnyang'anya mgonjwa dawa zake za presha, kikimbie hata kama mwenyewe ni askofu.

Namba ya NACADA ni 1192, haitozwi. Uliza kama kituo unachofikiria kimesajiliwa.

Mama ameamua hospitali, na kijana anaingia Jumatatu. Wageni wanaruhusiwa, Biblia pia. Natafuta wanaume wawili wa kanisa wa kwenda naye kila wiki, na kuendelea naye akirudi nyumbani. Nitumieni ujumbe inboksi, jina lake msiliandike hapa.