Kifo cha Wengi Si Harusi

Wahenga walinena kuwa kifo cha wengi ni harusi. Yaani, msiba unaowapata watu wengi kwa pamoja hupungua uzito. Anayetaka kuupima ukweli wa kauli hii na azuru Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7 jijini Nairobi, pale Barabara ya Moi inapokutana na ile ya Haile Selassie.

Hapo ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani hadi Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lilipolipuka asubuhi hiyo, watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Jengo jirani la Ufundi liliporomoka. Baadhi ya watu walipofuka kwa kuwa walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama kilichosababisha kishindo cha kwanza; kishindo cha pili kikawarushia vioo machoni. Siku iyo hiyo, watu wengine 11 waliuawa Dar es Salaam.

Makumbusho madogo yaliyomo bustanini, iliyofunguliwa mwaka 2001, huisimulia historia hii. Mgeni huelewa idadi, ila idadi haina uso. Nje upo ukuta wenye majina ya marehemu, na hapo ndipo methali inapopata mpinzani. Majina hayasomeki kwa mkupuo. Husomwa moja baada ya jingine. Anayekuja kumtafuta nduguye hutafuta jina moja tu, na akilipata, hayo mengine yote hayampunguzii uchungu. Wakenya waliokuwapo wakati huo hawajamsahau Rose Wanjiku, aliyezungumza na waokoaji akiwa chini ya kifusi cha Ufundi, akafa kabla hawajamfikia. Taifa zima lilimlilia mtu mmoja kwa sababu lilimjua kwa jina.

Waama, methali haikukosea kuhusu siku za matanga: wengi wakilia pamoja hufarijiana. Lakini matanga huanuliwa, waombolezaji wakatawanyika, na kila nyumba ikabaki na pengo lake.

Leo wengi wa vijana wanaopumzika bustanini hawakuwa wamezaliwa mwaka 1998. Wapo wanaodhani kuwa vicheko vyao ni utovu wa heshima. La hasha! Bustani ni ya walio hai pia. Linalotakiwa kwao ni dogo: kabla ya kurejea katika msongamano wa jiji, wausogelee ukuta, wasome japo jina moja hadi mwisho.