Bakuli la Jirani: Jioni katika Vichochoro vya Lamu

Mgeni ateremkaye kwenye gati la Lamu huelekezwa kuitazama milango ya nakshi, na Ngome iliyojengwa baina ya mwaka 1813 na 1821, na Msikiti wa Pwani ambao wenyeji husema ni wa mwaka 1370. Yote hayo yafaa kutazamwa. Lakini hakuna amwambiaye asimame kichochoroni baina ya alasiri na magharibi, ayatazame mabakuli. Saa hiyo watoto hupita mbiombio, kila mmoja amekumbatia bakuli lililofunikwa kwa kawa au kwa sahani iliyopinduliwa. Hubisha hodi mlango huu, huingia mlango ule, na hutoka na bakuli jingine. Katika la kwanza mlikuwa na mchuzi. Katika la pili mna mbaazi. Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima huwa umekwisha kujua nani kapika nini, na nusu ya mtaa imekwisha kuonja.

Wasomaji wetu, hasa akina mama, wamekuwa wakitutaka mara kwa mara tuandike mapishi ya jioni ya Lamu. Tulionelea kwamba mapishi hayo hayaelezeki vyema mpaka ijulikane yanakwenda nyumba zipi, kwa hiyo tukapanda basi la alfajiri kutoka Mombasa, tukapita Malindi, Garsen na Witu, tukavuka kwa mashua kutoka Mokowe, tukakaa siku nne. Tulikuwa watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Mwenzetu huyo mwanamume aliachwa dakani na kahawa yake kila jioni. Habari za jikoni zilizomo humu ni zetu sisi tuliopanda ngazi.

Na ngazi ni nyingi. Katika nyumba za mawe za Mkomani jiko aghalabu liko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ambapo moshi hupata njia na upepo wa kaskazi huingia bila ya ruhusa. Nyumba zimebanana, kuta zimeegemeana, na penye kichochoro kilichotenganisha nyumba za jamaa moja wazee wa zamani walijenga wikio, chumba kilichopita juu ya njia, ili wake wavuke nyumba hadi nyumba bila ya kushuka. Gari hakuna, njia zenyewe zimepimwa kwa upana wa punda na mzigo wake. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa darini basi haina siri. Huvuka ukuta kabla ya mwenye chungu kufunika, na kwa adabu ya mji, harufu iliyokwisha kuvuka ni deni.

Jioni ya kwanza tulipokelewa na mama wa watu wazima, mwenye nyumba ya watu sita. Alituita wanawe, akatukalisha kwenye vibao, akaendelea na kazi. Nazi tatu zilikuwa zimekwisha kukunwa kwa mbuzi. Aliyatia machicha maji ya vuguvugu kidogo, akayakamua kwa kifumbu, na lile tui la kwanza, zito, waliitalo kasimile, akalitenga kando kwenye bakuli la udongo. Akatia maji mara ya pili na ya tatu; hilo tui jepesi ndilo lililobandikwa jikoni kwa chumvi, likachemka, likatiwa mchele. Mchele ulipokaribia kukauka alimimina kasimile kidogo juu yake, akageuza mara moja tu, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Kwa nini mara moja? Kwa sababu, alituambia, wali unaogeuzwageuzwa huwa kama mtoto anayeulizwaulizwa: hukataa kuiva.

Mchuzi ulikuwa wa tafi. Aliwapaka samaki chumvi, ndimu na kitunguu thomu kilichopondwa, akawakaanga nusu mivo, akawatoa. Katika mafuta yale yale vikaingia vitunguu maji, nyanya, bizari, pilipili mbichi mbili nzima zisizopasuliwa, na vipande vya embe bichi badala ya ukwaju. Kasimile iliyobaki ilikuja mwisho kabisa, naye akikoroga upande mmoja bila ya kuacha mpaka ikatokota, tui lisije likakatika. Ndipo samaki wakarudi chunguni, wakalala humo kwa muda wa kukunja mkeka.

Kilichotushughulisha zaidi ni kipimo. Wa nyumbani ni sita. Mchele alioupima ulikuwa wa watu tisa. Tulimwuliza hao watatu ni akina nani. Akacheka. “Nitawajuaje, wanangu, nao hawajabisha hodi?”

Jioni ya pili tuliketi karibu na mlango wake wa chini tukaandika yaliyopita kwa muda wa saa moja. Ilitoka mbaazi ya nazi na mahamri sita. Ikaingia samaki wa kupaka, nusu ya kolekole aliyepasuliwa na kuchomwa, akapakwa tui la ukwaju mpaka likashika rangi. Ukaingia muhogo wa nazi. Ukatoka wali. Zikaja kunde kutoka kwa bi mkubwa wa nyumba ya pembeni, kidogo, bakuli dogo, na tutarudi kwa huyo. Mkate wa kumimina uliingia ukiwa bado na moto, umepikwa na binti anayejifunza, umeinuka upande mmoja na kulala upande wa pili, na mama akausifu kwa sauti kubwa ili mtoto aliyeuleta aufikishe ujumbe. Mwisho ikaja chupa ya achari ya embe bila ya maelezo yoyote. Kwa meza ya watu sita hiyo ilikuwa karamu, na aliyeipika alikuwa amepika vitu viwili tu.

Mabakuli yana sheria zake. Kila moja limetiwa alama chini, aghalabu kwa rangi ya kucha: nukta mbili nyekundu za nyumba hii, msalaba wa buluu wa nyumba ile, herufi kwa aliye na subira ya kuandika. Bakuli halirudi tupu. Asiye na chakula hutia ndimu tatu, au embe, au sukari ya kutosha birika moja, na hakuna anayepima. Halirudi siku ile ile pia, maana kurudisha upesi ni kana kwamba umelipa ukafunga hesabu. Vyombo vizuri vya kauri, tuliona, vinazidi kubaki kabatini, na nafasi yake inashikwa na mikebe ya aiskrimu. Hatukupendezwa na mikebe hiyo, lakini tulinyamaza. Sisi tulikuwa wageni na mchuzi uliomo ulikuwa mtamu.

Msingi wa jambo hili waumini wanaujua. Mtume wetu (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake, Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Tulipoikumbusha pale jikoni, mama wa nyumba aliitikia kwa adabu, kisha akasema kwamba kwa mchuzi wa nazi wao huzidisha tui, kwa kuwa maji yataharibu, na jirani hatendewi wema kwa mchuzi ulioharibika. Vivyo hivyo nyumba iliyofiwa: moto wake hauwashwi siku tatu, na chakula hutoka kwa majirani kwa zamu, kama alivyoagiza Mtume watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe ilipokuja habari ya kifo chake vitani Mu'ta. Aliyejifungua, katika arubaini yake, hupelekewa supu ya kuku. Mjane aliye edani hupelekewa bila ya kuulizwa anahitaji nini.

Sasa tumrudie yule bi mkubwa wa kunde. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vingi. Wanawe wako Mombasa na Jeddah. Hali zaidi ya vijiko vichache, lakini kila jioni hupika kitu, na kila jioni bakuli lake dogo huvuka kichochoro. Mwaka uliopita, kwa simulizi ya majirani, kulikuja jioni moja bakuli lisije. Mama wa nyumba tuliyokuwamo alingoja mpaka baada ya isha, akamtuma mtoto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na taa haikuwashwa. Vijana wawili wakapita darini kwa nyumba ya tatu, wakashuka, wakamkuta chini ya ngazi na nyonga imevunjika, amelala hapo tangu adhuhuri. Sisi tulimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba akichambua mchele, fimbo kando yake. Tulimwuliza kwa nini anajitaabisha kupika, na mabakuli ya kumtosha yanaingia kila siku. Alituangalia kwa muda. “Nikiwa wa kupokea tu,” alisema, “wataniandika katika hesabu ya sadaka. Nikiwa wa kupeleka, watanisubiri.”

Ni vyema msomaji ayaweke maneno hayo karibu, kwa sababu kichochoro hicho kina milango kumi na mmoja na mitano imefungwa kwa kufuli. Si kwamba wenyewe wamesafiri. Nyumba zimeuzwa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni kutoka Ulaya walikuwa wakinunua nyumba Mkomani na Shela tangu kabla ya hapo. Wengi wao huzifungua wiki chache kwa mwaka. Hatuna neno baya kwa aliyeuza. Nyumba ya matumbawe na chokaa hudai fundi kila baada ya masika, nayo huachwa kwa warithi kumi na wawili, ambao wanane wao hawako mjini. Mauzo mara nyingi ndiyo njia ya pekee ya kugawa fungu la kila mtu kwa haki. Waliouza wamehamia mitaa mipya nyuma ya mji, wengine Mombasa. Nyumba zao zimekarabatiwa vizuri kuliko walivyoweza wao, na nakshi zake zinang'aa. Lakini mtoto mwenye bakuli huzipita, na lau bi mkubwa angalikuwa baina ya makufuli mawili, hapangekuwa na dari ya kupitia wala mtu wa kuhesabu saa.

Katika moja ya nyumba hizo yuko bawabu, kijana wa bara. Mama yetu alianza kumpelekea wali mwezi wa kwanza alipomwona anakula mkate mkavu barazani. Mara ya kwanza bakuli lilirudi limeoshwa, tupu, na watoto walicheka. Mara ya pili vilevile. Aliporudi likizoni kwao, bakuli lilirudi na maparachichi manne, makubwa, na tangu siku hiyo watoto humpitia kama wanavyozipitia nyumba nyingine.

Kuna mengine yanayobana chungu. Tafi hawapatikani kwa wingi wa zamani karibu na mji; wavuvi tuliozungumza nao sokoni mbele ya Ngome walisema wanakwenda mbali zaidi tangu bahari ichimbwe kwa ajili ya bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia kwa athari za mradi huo. Mitungi ya gesi nayo imeingia jikoni, na hatuwezi kumlaumu mama aliyechoka na moshi, ingawa gesi haipalii, na wali wa gesi huonekana kwa weupe wake wa juu.

Kisha kuna simu. Wanawake waliokulia kichochoro kile, walioko Lamu, Mombasa, Jeddah na kwingineko, wana kikundi chao cha WhatsApp, na ifikapo magharibi hutumiana picha. “Yeo mumepika nini?” huuliza wa kwanza, kwa Kiamu chao, na sinia zikaanza kumiminika. Tuliingia na dharau kidogo, kwa kuwa picha haina harufu wala haidai kurudishwa. Dharau ikatupungukia tulipoonyeshwa picha moja ya meza ya mama yetu: wali, mchuzi, na pembeni, limekatwa nusu na ukingo wa picha, bakuli dogo la kunde. Binti wa bi mkubwa, aliyeko Mombasa, alikuwa amejibu neno moja tu: “Alhamdulillahi.” Hakuutazama wali. Alilitafuta lile bakuli.

Tuliporudi tulimtembelea binti huyo, nyumbani kwake ghorofa ya nne, mtaa wa Tudor. Ngazi ni za saruji, milango ni ya chuma, na majirani zake wametoka pembe zote za Kenya. Alitupikia mbaazi kwa kipimo cha mamake, yaani zaidi ya walaji. Wakati tunanawa mikono alijaza bakuli, akalifunika kwa sahani, akamwita mwanawe wa miaka saba, akamwelekeza mlango wa ghorofa ya tatu, upande wa kushoto. Tulimwuliza kama wamezoeana na watu wa huko. Akasema bado, bakuli la kwanza alilipeleka wiki mbili zilizopita na halijarudi. Hili lilikuwa la pili.