Shimo Jeusi na Sufuria ya Jikoni

Juma hili tunawaalika kutafakari jambo lililo mbali sana na macho yetu, lakini lenye undugu na sufuria iliyo jikoni.

Chai ya moto ikishachanganyika na ya baridi, hatuwezi kuzitenganisha tena. Wanasayansi huupima mvurugiko huo kwa kipimo kiitwacho entropia, nayo kanuni yasema kwamba jumla yake haipungui. Je, tukiitupa chai hiyo katika shimo jeusi, ambamo hata mwanga hautoki, hesabu yake itakuwa imefutika? Swali hilo John Wheeler alimwekea mwanafunzi wake, Jacob Bekenstein, huko Princeton. Mwaka 1972 Bekenstein alijibu kwamba haifutiki: shimo lenyewe lina entropia, nayo hulingana na eneo la mpaka wake.

Stephen Hawking alimpinga. Chenye entropia sharti kiwe na joto, na chenye joto hutoa mnururisho. Shimo jeusi litatoaje kitu? Hata hivyo, mwaka 1974 hesabu zake mwenyewe zilimwonyesha kwamba hutoa, naye akakubali.

Undugu huo umeendelea kudhihirika. Mwaka 2012, David Kubizňák na Robert Mann walionyesha kwamba mashimo meusi yenye chaji ya umeme, katika aina fulani ya ulimwengu wa kinadharia, hubadilika kutoka dogo kuwa kubwa kama kimiminika kigeukavyo gesi katika mlinganyo wa Johannes van der Waals wa mwaka 1873. Hata uwiano maalumu wa kanieneo, ujazo na halijoto katika kikomo cha badiliko hilo ni ule ule: 3/8.

Tuwe waangalifu, kwani ulimwengu huo wa hesabu si huu wetu, na kufanana si kuwa kitu kimoja. Lakini kanuni ya kwamba eneo halipungui imepimwa angani. Mawimbi ya mvutano yaliyonaswa Januari 2025 yalionyesha mashimo mawili, yenye jumla ya kilomita za mraba zipatazo 240,000, yakiungana kuwa moja lenye zipatazo 400,000.

Kijana mmoja alikataa kusadiki kwamba gizani hesabu hupotea, na mkubwa wake hakuona haya kuupokea ukweli. Nasi je, ni mangapi tuliyoyatupa gizani tukidhani yamefutika? Tutafakari.